Ulizeni Ni Tezi Zipi

Wanangu na wajukuu zangu, hasa nyinyi mnaonipigia simu mkiwa mmekaa kwenye mabenchi nje ya wodi za Mwaisela au Kibasila, swali lenu ni moja ingawa kila mtu analileta kwa maneno yake: "Bibi, daktari amesema saratani ya kongosho imeshaingia kwenye tezi. Tumrudishe mzee nyumbani?" Jibu langu la kwanza huwa swali. Tezi zipi?

Siulizi ili kuwasumbua. Nimekuwa muuguzi wa wodi za upasuaji mpaka nikastaafu, na kwa kuwa nyumba yangu ya hapa Upanga ipo jirani na hospitali ya Muhimbili, haijapata kukosa godoro la ndugu aliyekuja kuuguza. Nimeona familia zilizosikia neno hilo zikafunga mizigo na kupanda basi la kurudi mkoani. Nimeona nyingine zilizosikia neno hilohilo zikauza kiwanja harakaharaka ili mgonjwa akapasuliwe popote, na yeyote. Wote walikuwa na mapenzi. Walichokosa ni habari ambayo ilikuwepo, kwenye picha na kichwani mwa daktari, ila hakuna aliyeiomba.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo, na mrija wa nyongo unapita humohumo. Ndiyo maana uvimbe ukiota kwenye kichwa huziba nyongo, na mwili hutoa taarifa: macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa wa kahawia, choo kinapauka, ngozi inawasha usiku kucha. Ukiota kwenye mkia hauna cha kuziba, kwa hiyo hukaa kimya hadi mgongo unapoanza kuuma na nguo zinapoanza kupwaya. Mzee ambaye hajawahi kuwa na kisukari akikipata ghafla huku anakonda, msiishie kumpa vidonge vya sukari. Ombeni achunguzwe tumbo.

Manjano si lazima iwe saratani. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 100 waliokuwa na manjano ya kuziba kwa nyongo. Kwa waliokuwa na saratani, ile ya kichwa cha kongosho ndiyo iliyoongoza. Kwa wasiokuwa nayo, iliyoongoza ilikuwa mawe kwenye mrija wa nyongo. Wote hao wanaweza kuingia mlangoni wakifanana kwa rangi. Ninajua wengi wenu mnaanzia wapi. Mnashuka Kariakoo, mnanunua mizizi ya kutibu manjano, mgonjwa anakunywa mwezi wa kwanza, wa pili. Sina ugomvi na wauza miti shamba, baadhi yao ni majirani zangu wa miaka mingi. Lakini miezi hiyo miwili ndiyo inayoamua kama uvimbe bado uko mbali na mishipa ya damu au umeshaikumbatia. Duniani kote, katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii, wanaogunduliwa wakati bado upasuaji wa kuiondoa unawezekana ni 15 hadi 20 tu. Msiupunguze mlango ambao tayari ni mwembamba.

Sasa tuje kwenye tezi zenyewe. Mwili mzima una mtandao wa vijitezi vinavyochuja maji yanayorudi kwenye damu. Mnavijua, ndivyo vinavyovimba kwenye kinena mtu akiwa na kidonda mguuni, tukasema ana mitoki. Kongosho nalo limezungukwa navyo. Chembe za saratani zikitoka kwenye uvimbe, mara nyingi hupita hapo kwanza. Chukueni lori lililopakia mzigo Kariakoo likielekea bara. Likionekana kwenye mizani ya Vigwaza, tunajua limetoka mjini, lakini bado lipo mkoa wa Pwani. Likionekana Dodoma, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Tezi za jirani ni zile zilizoshikamana na kichwa cha kongosho, zinazofuata mrija wa nyongo, zinazofuata ateri ya ini, na zilizo upande wa kulia wa ile ateri kubwa inayolisha utumbo. Daktari wa upasuaji anapoondoa kichwa cha kongosho anaondoka nazo, kwa sababu zimo ndani ya eneo analokata. Kwa hiyo tezi hizo kuingiwa, peke yake, hakufungi mlango wa upasuaji. Ninataka hili liwakae: katika wagonjwa wanaofanyiwa operesheni hii kwenye hospitali kubwa za dunia, takriban 7 kati ya 10 hukutwa na saratani kwenye tezi mara nyama inapopelekwa maabara. Kama kila mwenye tezi zilizoingiwa angeambiwa arudi nyumbani, sehemu kubwa ya upasuaji huo isingefanyika.

Tezi za mbali ni zile zilizolala kando ya ateri kuu inayoshuka na uti wa mgongo, na nyingine hufika hadi juu ya mtulinga wa kushoto. Ndiyo maana mtamwona daktari mzoefu anamshika mgonjwa shingoni kabla ya kumgusa tumbo. Msidhani amesahau kilichowaleta. Saratani ikithibitishwa kwenye tezi hizo, madaktari walio wengi huihesabu kuwa imesambaa kama vile ingekutwa kwenye ini. Hapo kumpasua mtu ni kumpa maumivu na wiki nyingi za kitandani bila kumwongezea maisha. Daktari akisema hapasui kwa sababu hiyo, hajamtupa mzee wenu. Amemlinda.

Mkishajua ni zipi, kuna swali la pili: imejulikanaje? Picha ya CT-scan huonyesha ukubwa wa tezi, na ukubwa peke yake unadanganya. Tezi ndogo inaweza kuwa imebeba saratani. Tezi iliyovimba inaweza kuwa imevimba kwa sababu nyongo imeziba, au kwa sababu mgonjwa amewekewa mrija wa kuizibua na kongosho likachokozeka. Kwa hiyo panapowezekana, picha nzuri ya CT ipigwe kabla mrija haujawekwa, wakati ndani bado hakujavurugika. Hili ni jambo dogo kulisema na kubwa kulikosa, na mtoto aliyesoma anaweza kuliuliza kwa adabu: "Samahani daktari, picha itapigwa kabla ya mrija?"

Na sisi tuna la kwetu. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Huingia kwenye tezi za tumboni, zikavimba kuzunguka kongosho, na kwenye picha zikafanana na saratani kiasi cha kumfanya hata bingwa asite. Mtu mwenye homa za jioni, jasho la usiku, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, tezi zake zinastahili kuchukuliwa kipande zikapimwe kabla hajahukumiwa. Kifua kikuu kina dawa, na kinapona. Si kila mgonjwa anahitaji kuchukuliwa kipande. Kama uvimbe ni mdogo, mahali pake pako wazi na upasuaji unawezekana, daktari anaweza kwenda moja kwa moja chumba cha upasuaji. Lakini tezi inapotumika kama sababu ya kusema hapana, basi tezi hiyo ithibitishwe.

Enzi zetu tulikuwa tukifungua tumbo ili tu kuchukua kipande. Mwaka 2018 madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani walianza kufika Muhimbili kuwafundisha wenzao namna ya kuingiza sindano na mirija mwilini wakiongozwa na picha, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha afya cha hapohapo, MUHAS, kikafungua masomo ya shahada ya kazi hiyo. Leo kipande kinaweza kuchukuliwa kwa sindano, na nyongo iliyoziba ikatolewa kwa mrija unaopitishwa kwenye ini, mgonjwa akalala wodini jioni hiyo bila mshono wowote tumboni. Mimi niliyeosha vidonda vya matumbo yale yaliyofunguliwa kwa ajili ya kipande tu, ninalishukuru jambo hili kila ninaposikia limemfaa mtu.

Mtashangaa nikiwaambia kwamba kinachoamua zaidi kama kisu kitashikwa ni mishipa ya damu. Nyuma ya kongosho inapita ateri inayolisha karibu utumbo wote mwembamba, na vena inayopeleka damu kwenye ini. Uvimbe ukiigusa vena kidogo, mikono mizuri inaweza kukata kipande cha vena na kuiunga. Ukiwa umeizunguka ateri, kukimbilia kupasua kwa kawaida ni kuacha saratani ndani. Kwa wagonjwa wa katikati, ambao mlango wao hauko wazi wala haujafungwa kabisa, siku hizi dawa za saratani hutangulia kwa miezi kadhaa, kisha picha hurudiwa. Familia nyingi hugomba hapo: "Kwa nini mnamchelewesha baba?" Hacheleweshwi. Uvimbe unaotulia chini ya dawa unaweza kupasuliwa kwa faida. Unaosambaa wakati dawa zinaendelea ungesambaa hata baada ya upasuaji, na mzee ameepushiwa kisu bure. Mwili wenyewe nao unahesabiwa. Anayeshindwa kutembea kutoka kitandani hadi chooni hawezi kubeba operesheni ya saa nyingi, na mkimlisha vizuri wakati wa kusubiri mnafanya kazi ya kitabibu.

Operesheni yenyewe ni nzito, lazima mjue. Mjerumani Walther Kausch aliifanya Berlin mwaka 1909, na mwaka 1935 Allen Whipple wa New York akaieleza kwa namna iliyobeba jina lake hadi leo. Huondolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo, mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wake, wakati mwingine na kipande cha tumbo la chakula. Halafu kilichobaki cha kongosho, nyongo na tumbo kinaungwa upya kwenye utumbo. Ule muungo wa kongosho ukivuja, majimaji yanayosaga chakula huanza kusaga mwili wenyewe. Ndiyo maana mikono na timu nzima vina uzito kuliko jina la hospitali lililoandikwa getini. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kwenye hospitali zinazopasua kongosho kwa nadra sana, wagonjwa 16 kati ya 100 walikufa kutokana na upasuaji. Kwenye zile zinazopasua kwa wingi, hawakufika 4. Nchi ileile, operesheni ileile.

Kwa hiyo ulizeni: "Daktari, kwa mwaka mnafanya operesheni ngapi za aina hii hapa?" Shikamoo itangulie, sauti iwe ya chini, aulize mmoja wenu aliyechaguliwa, si ndugu saba kwa pamoja. Daktari mwenye kujiamini hatakasirika. Akiwaambia wanafanya chache na angependa mwenzake wa hospitali nyingine aione picha, huyo mshikeni, ni mtu mwema. Akichukizwa na swali, mna haki ya maoni ya pili, na maoni ya pili hayahitaji ndege. Picha hukaa kwenye diski moja, na kutoka Upanga hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road ni mwendo mfupi wa bajaji. Ombeni kesi ijadiliwe kwenye kikao ambacho daktari wa upasuaji, wa dawa za saratani, wa picha na wa maabara wanakaa meza moja. Kisha ndipo muanze kuzungumzia India, kama itabidi. Ipo hospitali kama Tata Memorial ya Mumbai, inayopasua kongosho kwa wingi, na watu wa mtaa huu wameizoea njia hiyo tangu zamani. Ila nawasihi msiuze nyumba wala kiwanja kabla ya kikao hicho kusema. Tezi za mbali hazigeuki za jirani kwa kuvuka bahari.

Kuna pia kosa la upande wa pili, ambalo vijana wenye pesa hulipenda: "Mwambie daktari atoe tezi zote, asibakishe hata moja." Lina mantiki ya kuvutia, na madaktari wenyewe waliwahi kuliamini. Wakaamua kulipima. Waitaliano walichapisha majibu yao mwaka 1998, Wamarekani wa Johns Hopkins mwaka 2002 na wa Mayo Clinic mwaka 2005, Wajapani mwaka 2012, Wakorea mwaka 2014. Wagonjwa waliokatwa tezi hadi za mbali hawakuishi zaidi ya waliokatwa za jirani tu. Walichopata baadhi yao ni kuhara kusikoisha, kwa sababu kukwangua kuzunguka ile ateri ya utumbo hukata mishipa ya fahamu inayotuliza tumbo. Mwaka 2014 mabingwa wa kimataifa wa upasuaji wa kongosho walikubaliana juu ya tezi zipi zitoke kwa kawaida, wakaishia za jirani. Daktari akiwaambia "hizi zinatosha," hafanyi ubahili.

Nimezungumza sana na nyinyi, na mgonjwa amekaa pembeni. Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Tunafika kwa daktari tunamkonyeza: asiambiwe mama, atakufa kwa mshituko. Mama anasaini fomu ya kupasuliwa akidhani ni vidonda vya tumbo. Kisha anaamka na mirija, hajui kwa nini, na watoto wote wanazungumzia dirishani. Haki ya kuamua juu ya tumbo lake ni yake. Wala kuutaja ugonjwa si aibu. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alipolitangazia taifa kifo cha Rais mstaafu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliutaja ugonjwa kwa jina lake, saratani ya mapafu, na Mzee hakupungukiwa heshima hata chembe. Namkumbuka mama mmoja, mfanyabiashara wa khanga wa Kariakoo, aliyewatoa wanawe nje ya chumba, akamwambia daktari amchoree kwenye karatasi uvimbe ulipo, mishipa ilipo na tezi zilipo. Akatazama mchoro kwa muda mrefu. Akauliza akipasuliwa atakaa kitandani muda gani, asipopasuliwa atakaa vipi. Aliuliza mambo ambayo wanawe wasingethubutu kuuliza, na uamuzi aliotoka nao ulikuwa wake. Nyumbani hakuna aliyegombana baada ya hapo. Mwambieni mgonjwa kwa upole, kwa kadiri anavyotaka kujua. Wapo wasiotaka kujua yote, na hao pia waheshimiwe. Lakini waulizwe kwanza.

Akipasuliwa, kazi ya tezi haijaisha. Nyama hupelekwa maabara, na ripoti ya patholojia lazima iseme tezi ngapi zimechunguzwa na ngapi zimekutwa na saratani. Zikichunguzwa chache mno, "hakuna iliyoingiwa" inakuwa neno jepesi. Mabingwa hutaka angalau 12, wengi hutaka 15. Zikikutwa moja hadi tatu ni daraja moja, nne na kuendelea ni daraja zito zaidi. Kwa vyovyote, dawa za saratani hufuata, kwa kawaida ndani ya wiki 12, mwili ukishapata nguvu. Mwaka 2018 madaktari wa Ufaransa na Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa waliopasuliwa kisha wakapewa mchanganyiko mkali wa dawa: nusu yao waliishi zaidi ya miezi 54, wakati kwa waliopewa dawa moja ya zamani nusu walivuka miezi 35. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na tezi zilizoingiwa. Ni dawa zinazochosha, hazimfai kila mzee, lakini mtu asiwaambie kwamba baada ya tezi hakuna kitu. Ripoti hiyo ni yenu, ombeni nakala. Nimeona mgonjwa anafika kliniki ya dawa akiwa na kovu tumboni na mkono mtupu, daktari anaanza kukisia.

Na akiwa si wa kupasuliwa, msikubali aambiwe hakuna la kufanya. Nyongo iliyoziba inaweza kufunguliwa kwa mrija, na kuwashwa kule kunakomnyima usingizi kukapungua ndani ya siku chache. Kama anahara choo chenye mafuta kinachoelea na anakonda huku anakula, kongosho halitoi tena vimeng'enya. Vipo vidonge vyake, vinamezwa pamoja na chakula, si kabla wala baada. Sukari ipimwe. Dawa za saratani zinaweza kutolewa hata bila upasuaji ikiwa mwili unaziweza. Maumivu ya kongosho huchoma hadi mgongoni na hayamalizwi na panado. Ipo mofini ya maji, na Ocean Road wana kitengo cha tiba shufaa kinachojua kuipima. Msiiogope kwa sababu ya maneno ya mtaani kuhusu uraibu. Inyweshwe kwa saa zake, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu hufunga. Na mzee akianza kuamka usiku kwa maumivu, rudini kesho yake asubuhi wampandishie dozi, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.